Kupunguza upendeleo wa kiitikadi katika utafiti wa siasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanafunzi na watafiti wanaokusanya taarifa Tabora na Kigoma: wanaoandika tasnifu, wanaofanya tathmini za halmashauri na asasi, na wasaidizi wao wanaozunguka vijijini na dodoso mkononi. Mifano mingi ni ya mikoa hii miwili, kwa sababu makosa haya hayaonekani vizuri yakielezwa hewani.

Upendeleo wa kiitikadi ni nini, na unatofautianaje na uongo?

Mwongo anajua anachofanya. Mwenye upendeleo anafanya kazi kwa moyo safi, ila mizani yake ina mawe mawili. Ushahidi unaomfurahisha anaupima kwa jiwe jepesi, unaomuudhi anaupima kwa jiwe zito. Akipata jedwali linalounga mkono anachoamini, siku hiyohiyo anaanza kuandika sura ya nne, yaani ya matokeo. Akipata linalompinga, anarudi kukagua dodoso, sampuli na wasaidizi mpaka apate dosari, na dosari haikosekani.

Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wanafunzi tafiti mbili zenye matokeo yanayopingana kuhusu adhabu ya kifo. Wanafunzi walioiunga mkono adhabu hiyo na walioipinga walisoma karatasi zilezile. Kila upande uliona utafiti unaokubaliana nao ndio wenye mbinu bora, na mwishoni kila upande ukasema msimamo wake umezidi kuimarika. Kwa hiyo kusoma zaidi peke yake si dawa. Dawa ni kufunga maamuzi kabla hujaona majibu, na kumwonyesha maamuzi hayo mtu asiyekubaliana nawe.

Nina kadi ya chama. Je, nisifanye utafiti wa siasa?

Fanya. Mtu asiyejali siasa hata kidogo ni nadra kuwa na subira ya kuhoji watu 600 kuhusu siasa. Max Weber, katika mhadhara wake wa mwaka 1917 kuhusu kazi ya sayansi, alisisitiza kwamba mwalimu asigeuze darasa kuwa jukwaa la siasa. Gunnar Myrdal, mchumi wa Sweden, alikwenda mbele zaidi: maadili ya mtafiti hayaondoki, kwa hiyo yatajwe mwanzoni ili msomaji ayaone. Sisi tunamfuata Myrdal.

Andika nusu ukurasa, uweke tarehe, kabla hujaandika swali la kwanza la dodoso. Sema unatarajia kupata nini. Sema ungefurahi kupata nini. Kisha andika sehemu ngumu kuliko zote: ni matokeo gani yatakufanya ukiri kwamba ulikosea. Kwa mfano: "Nikikuta wanakijiji waliohudhuria mikutano ya hadhara ya chama changu hawaijui bajeti ya kijiji zaidi ya wasiohudhuria, nitaandika kwamba mikutano hiyo haielimishi." Mpe msimamizi nakala. Mwenye kushindwa kuandika sentensi hiyo ya mwisho bado hana swali la utafiti. Alicho nacho ni hoja inayotafuta mapambo.

Kosa la kawaida ni kuandika tamko hili baada ya uchambuzi, au kuligeuza wasifu wa kujisifu kwamba "mtafiti hana upande".

Hili si tatizo la vyuo vya Marekani?

Kule mjadala ni wa mrengo wa kushoto na wa kulia. Mwaka 2015 wanazuoni sita, wakiwemo Jonathan Haidt na Philip Tetlock, walieleza kwamba saikolojia ya jamii ina wahafidhina wachache mno, na hivyo yapo maswali yasiyoulizwa na makosa yasiyogunduliwa. Kwetu mstari haupiti hapo. Unapita kati ya chama tawala na vyama vingine, kati ya ujamaa na soko, kati ya muundo mmoja wa Muungano na mwingine, na mara nyingi kati ya msomi wa mjini na mkulima anayeandikwa kama mtu asiyejua maslahi yake.

Tena wakati mwingine upendeleo umejificha ndani ya jina la tukio. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora na kukubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Waliopinga waliona ni kukubali ubaguzi, na Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake, African National Congress. Leo uamuzi ule unaitwa Uamuzi wa Busara. Huenda ulikuwa wa busara kweli, maana TANU ilishinda. Lakini mwanafunzi anayeandika "Uamuzi wa Busara ulipofikiwa..." katika sentensi ya kwanza ya sura yake ameshatoa hukumu, na Mtemvu ameshakuwa mtu asiye na busara kabla hajasikilizwa. Andika "uamuzi wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu", kisha ueleze kwamba baadaye ulipewa jina hilo na walioshinda mjadala.

Nikitumia takwimu tupu, si nimeshaepuka upendeleo?

Hapana. Chukua Tume ya Nyalali ya mwaka 1991, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama. Takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na takribani asilimia 20 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Mtafiti mmoja huandika kwamba mfumo wa vyama vingi ulilazimishwa juu ya wananchi. Mwingine huandika kwamba wananchi waliogopa kusema. Wote wawili wanatumia namba ileile, na wote wawili wanaacha jambo la tatu: wengi miongoni mwa waliotaka chama kimoja walitaka pia mfumo huo ufanyiwe marekebisho. Jambo hilo halimpi ushindi yeyote kati yao, ndiyo maana halinukuliwi.

Kabla ya kukusanya, andika kila matokeo yatamaanisha nini. Ikiwa asilimia 80 ni "hofu" wanapojibu usichopenda, basi asilimia 80 wanapojibu unachopenda nao wachunguzwe kwa hofu hiyohiyo.

Upendeleo huingia hatua gani zaidi?

Katika swali la utafiti. Hapo ndipo panapoumiza zaidi, kwa sababu hakuna hesabu inayoweza kuusafisha baadaye.

"Kwa nini wananchi wa Kigoma wamekichoka chama tawala?" limeshajibu kwamba wamekichoka. Historia ya kura ya mkoa huu ni ya kupanda na kushuka. Mwaka 2010 majimbo yote manne yaliyochukuliwa na NCCR-Mageuzi nchini yalikuwa ya Kigoma: Kigoma Kusini, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe. Mwaka 2015 chama hicho hakikubaki na hata moja kati ya hayo, na ACT-Wazalendo ikapata Kigoma Mjini. Swali linalostahili ni: "Ni mambo gani yanaelezea mabadiliko ya kura katika majimbo ya Kigoma kati ya 2010 na 2015?" Swali hilo linaweza kukuletea jibu usilolipenda, na ndiyo sifa tunayoitafuta.

Lipo jaribio dogo tunalolitumia kila siku: geuza vyama. Chukua sentensi ya swali lako, weka chama cha upande wa pili mahali pa kile kilichopo. Kama sentensi mpya inakuudhi au inaonekana ya kichochezi, ile ya kwanza nayo ilikuwa hivyo kwa msomaji mwingine.

Maneno gani ya dodoso yana hatari?

Mengi, na haya tunayaona karibu kila wiki.

"Siasa." Kwa mwalimu wa chuo ni fani. Kwa watu wengi mtaani ni maneno matupu: "usiniletee siasa hapa". Ukiuliza "Je, unapenda siasa?" utapata hapana nyingi, kisha utaandika kwamba wananchi hawashiriki. Uliza matendo: katika miezi 12 iliyopita, umehudhuria mkutano wa kijiji? Umewahi kumwona diwani kwa ajili ya tatizo lolote?

"Upinzani." Neno lina harufu ya ugomvi, hasa kwa wazee. "Vyama vingine vya siasa" au majina ya vyama vyenyewe ni salama zaidi. Vikitajwa kwa majina, mpangilio ubadilike kutoka dodoso moja hadi jingine, chama kilekile kisitangulie siku zote.

"Serikali" na "chama." Zipo kaya ambazo hayo mawili ni kitu kimoja. Mhojiwa akisema "serikali imetuletea maji", muulize nani hasa: halmashauri, RUWASA (wakala wa maji vijijini), mbunge, au mradi wa kanisa?

"Wakimbizi." Huko Ulyankulu kuna watu waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972, na wao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Dodoso linalowaita wakimbizi limekosea kisheria na limeshawafunga midomo. Kambini Nyarugusu neno hilo ni sahihi. Katika vijiji vya mpakani vya Kigoma kuna tahadhari nyingine: usiombe kitambulisho wala usiulize uraia kama hulihitaji jibu. Waha wengi wamechoka kutiliwa shaka, na mtu akishaona anahojiwa uraia, majibu yote yanayofuata ni ya kujilinda.

"Walihamia", "walihamishwa", "walihamasishwa kuhamia." Mtu anayeandika kuhusu Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, mpango wa serikali wa vijiji vya ujamaa, anachagua itikadi kwa kuchagua kitenzi. Nyaraka zinapenda kuhamasisha, simulizi zinapenda kuhamisha. Muulize mzee aeleze siku yenyewe: nani alikuja, alisema nini, mlibeba nini, nyumba ya zamani ilikuwaje baadaye. Kitenzi kitajitokeza chenyewe.

Na vyeo! Tumeona dodoso lenye "Mheshimiwa Rais Dkt." mstari wa juu na, mstari wa chini, jina la kiongozi wa chama kingine likiwa uchi, bila hata "Ndugu". Wape wote cheo, au usimpe yeyote.

Je, nitumie "nakubali / sikubali"?

Kidogo iwezekanavyo. Adabu yetu ni kumkubalia mgeni. Mtu mzima anayekaribisha kijana mwenye karatasi hatapenda kumwambia "umekosea" mara ishirini. Ukiandika kauli zote kwa mwelekeo wa chama chako, adabu itageuka kuwa kura.

Tumia kauli mbili zinazopingana, zenye urefu na utu sawa, kisha uliza ipi iko karibu zaidi na mawazo yake. Kauli ya kwanza: "Ni bora kijiji kiwe na viongozi wa chama kimoja ili kazi ziende haraka." Kauli ya pili: "Ni bora kijiji kiwe na viongozi wa vyama tofauti ili wasimamiane." Nusu ya madodoso yaanze na ya kwanza, nusu na ya pili. Kama kupangua mpangilio kunabadilisha majibu kwa alama nyingi, swali halijakomaa.

Uzito wa neno si jambo dogo. Katika uchunguzi mkubwa wa maoni wa Marekani, watu waliulizwa kama serikali inatumia fedha kidogo mno kwa "misaada kwa maskini", na wengine wakaulizwa kuhusu "welfare", neno la kawaida la kule la ruzuku za ustawi. Waliosema fedha ni kidogo walikuwa wengi zaidi sana walipotajiwa maskini.

Nitahoji kwa Kiha au Kinyamwezi. Nitafsirije?

Mtu wa kwanza atafsiri kutoka Kiswahili. Mtu wa pili, asiyeliona dodoso la mwanzo, arudishe kwenye Kiswahili. Weka matoleo mawili ya Kiswahili meza moja na usome mstari kwa mstari. Watafsiri hao wawili wasiwe wa chama kimoja ikiwezekana, maana mtafsiri hupamba bila kukusudia.

Kisha jaribu kwa watu 10 hadi 15 ambao hawatakuwa kwenye sampuli. Baada ya kila swali muulize: "Ulivyosikia, nilikuwa naulizia nini?" Siku mbili za kazi hii huokoa mwezi mzima.

Mtendaji wa kijiji anataka kukaa nami wakati wa mahojiano. Nifanyeje?

Barua ya chuo hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa Mtendaji wa Kata, hadi kwa Mtendaji wa Kijiji. Njia hiyo ni ya lazima na ni ya heshima. Shida ni kwamba kufikia kwenye kaya umeshafanana na serikali. Ukisindikizwa na mwenyekiti, kumbuka amechaguliwa kwa tiketi ya chama. Balozi wa nyumba kumi naye ni kiongozi wa chama, ingawa wengi humchukulia kama sehemu ya utawala.

Mweleze mtendaji ofisini kwake, kabla ya kutoka: unaomba akutambulishe kwa wenyeviti wa vitongoji, kisha akuachie, kwa sababu chuo kinakataa mahojiano yenye mtu wa tatu. Kanuni ya chuo ni rahisi kwake kuikubali kuliko ombi lako binafsi. Hojini uani, mahali mnapoonekana na kila mtu lakini hamsikiki. Kujifungia ndani kunaleta minong'ono. Msaidizi asivae kijani na njano, zambarau, wala kombati ya kaki, maana hayo ni mavazi ya vyama. Asipande gari lenye namba za serikali wala pikipiki yenye bendera. Katika kila dodoso andika nani alikuwepo na kwa muda gani, hata kama alipita kuomba kiberiti tu.

Swali la mwisho liwe: "Kwa mawazo yako, nani ametutuma kufanya kazi hii?" Afrobarometer, uchunguzi wa maoni ya wananchi wa nchi nyingi za Afrika ambao hapa nchini umefanywa na taasisi ya utafiti ya REPOA, huuliza hivyo mwishoni mwa mahojiano. Ukikuta waliojibu "serikali" wanaonyesha imani kubwa kwa serikali kuliko waliojibu "chuo", usiwafute. Ripoti makundi mawili kando kwa kando na umwache msomaji aone ukubwa wa pengo.

Watu wanaogopa kutaja chama chao. Kuna njia?

Ipo njia ya orodha. Gawa wahojiwa makundi mawili kwa kura ya bahati. Kundi la kwanza lipewe mambo manne ya kawaida, la pili lipewe hayo manne na moja nyeti la tano. Kila mtu ataje idadi tu ya mambo yanayomhusu, bila kusema ni yapi. Kama wastani wa kundi la kwanza ni 2.1 na wa pili ni 2.4, basi takribani asilimia 30 wanahusika na jambo nyeti.

Tatizo lake ni njaa ya sampuli. Kwa watu 300 kila kundi, kosa linaweza kufika alama 16 juu au chini, kwa hiyo ile asilimia 30 inaweza kuwa 14 au 46. Kama huna angalau watu 600 kila kundi, acha. Pia chagua mambo manne ambayo hakuna mtu atakayesema yote wala atakayekosa yote, vinginevyo siri inafichuka yenyewe.

Sampuli ya watu 384 inatosha?

Namba hiyo inatoka kwenye kosa la asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95, na inadhani umeokota watu mmoja mmoja kutoka orodha ya wote. Ukihoji watu kwa vijiji, majirani hufanana, na unahitaji kuzidisha. Ukizidisha kwa 1.5 unapata 576, yaani vijiji 72 vya watu wanane wanane. Vijiji 72 vya watu wanane ni bora kuliko vijiji 12 vya watu 48, ingawa nauli inauma. Ukilinganisha mikoa, kumbuka sensa ya 2022 iliipa Tabora takribani watu milioni 3.4 na Kigoma milioni 2.5. Ukichukua idadi sawa kila mkoa, weka uzani, yaani mkoa wenye watu wengi uhesabike zaidi, kabla ya kutoa wastani wa jumla.

Wingi hautibu upendeleo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni mbili, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Waliorudisha karatasi hawakufanana na waliopiga kura.

Kwetu hatari ni anayepatikana kirahisi. Msaidizi akiachwa ajichagulie, atahoji vijana wa bodaboda kijiweni, na kijiwe kina chama chake. Wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua wakati wa kazi wako mashambani mchana kutwa. Wafuga nyuki wa Sikonge wako porini. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga huvua usiku wa giza kwa taa na kulala mchana, kwa hiyo wapange kwenye siku za mbalamwezi wanapopumzika. Kaya ikikosekana, rudi mara mbili kwa saa tofauti kabla ya kuibadilisha. Hoji mwanamume na mwanamke kwa kupokezana.

Nasimba hotuba na mahojiano. Nitajuaje kwamba sijapendelea?

Kusimba ni kukiweka kila kipande cha maneno kwenye kundi lake. Tafuta msimbaji wa pili mwenye msimamo tofauti na wako. Andika mwongozo wa kusimba wenye mfano wa kinachoingia na kisichoingia kwa kila kundi. Kabla ya kusimba, mtu mwingine afute majina ya wasemaji na vyama katika Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge) na aweke "Mbunge 01", "Chama A". Atakosa kufuta vidokezo vyote, maana kauli mbiu hujitangaza, lakini utashangaa lawama ngapi hubadilika kuwa ushauri mnapoacha kumjua msemaji.

Kisha pimeni makubaliano. Tuseme mmesimba hotuba 100 na mmekubaliana 85. Inapendeza. Lakini kama nyingi ni za aina moja, mngekubaliana 60 hata kwa kubahatisha. Kapa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano ya kubahatisha, ni 0.85 kutoa 0.60, gawanya kwa 1 kutoa 0.60, yaani 0.625. Klaus Krippendorff, kwa kipimo chake cha alfa, alipendekeza 0.80, na 0.667 iwe sakafu ya hitimisho la muda. Kwa hiyo mwongozo wenu bado una ukungu.

Wengi huishia hapo, na tunasikitika, kwa sababu sehemu yenye faida ndiyo inaanza. Chukua zile 15 mlizotofautiana. Je, wewe ndiye umekuwa mkali kwa Chama A karibu zote? Tofauti zikitawanyika pande zote ni uchovu au mwongozo mbovu. Zikielemea upande mmoja, umeuona upendeleo wako kwa macho.

Kusajili mpango wa utafiti mapema kunasaidia nini?

Kunakuzuia kuhamisha goli. Usajili ni bure kwenye OSF, jukwaa la mtandaoni la kuhifadhi mipango ya tafiti. Unaandika nadharia tete, sampuli, maswali yatakayopima kila kitu, nani ataondolewa na kwa sababu gani, na hesabu utakayoifanya. Tarehe inabaki.

Hili lina sababu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, timu 29 zilipewa data moja kuhusu kadi nyekundu za wachezaji mpira, zijibu kama wachezaji wenye ngozi nyeusi hupewa zaidi. Timu 20 zilikuta uhusiano wa kitakwimu, 9 hazikuukuta. Hakuna aliyeiba. Njia halali ni nyingi, na moyo huchagua inayofika kwao.

Kinachoharibika: mpango mlegevu. "Tutachambua uhusiano kati ya elimu na mwamko wa kisiasa" haufungi kitu. "Mwamko ni jumla ya maswali 7, 8 na 11, na elimu ni miaka ya shule" unafunga. Kubadilisha mpango kunaruhusiwa, ila useme ulibadilisha lini na kwa nini. Na kabla ya kuona matokeo halisi, mwombe mwenzako apangue majina ya vyama kwenye jedwali, uandike amri zote za uchambuzi, ndipo arudishe majina.

Utafiti wangu ni wa mahojiano ya kina, hauna namba. Haya yananihusu?

Yanakuhusu zaidi, kwa sababu nukuu moja nzuri ina nguvu kuliko jedwali. Kwa kila nukuu sema wangapi kati ya waliohojiwa walisema kitu cha aina hiyo: "wazee 4 kati ya 22". Tengeneza ukurasa wa ushahidi unaokupinga na uujaze kila jioni ukiwa bado kijijini. Ukirudi Tabora mjini na ukurasa huo ni mtupu, ujue uliacha kusikiliza. Mtafute kwa makusudi mtu ambaye hadithi yako haimwelezi: aliyepata faida kutokana na kuhamishwa, kada wa zamani aliyejitoa, mfanyabiashara aliyeupenda ujamaa.

Nifanyeje kazi na mtu ninayepingana naye kabisa?

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman aliipigia debe njia hii: wapinzani wawili wanabuni utafiti mmoja kwa pamoja. Kubalianeni kwa maandishi mambo manne kabla ya kuanza: swali, kipimo, matokeo yatakayokuwa ushindi wa kila mmoja, na kwamba kila mmoja ana haki ya kuandika kurasa mbili za maelezo yake mwishoni. Awepo mtu wa tatu wa kuamua mkikwama. Mtakwama kwenye kipimo. Hilo likitokea tumieni vipimo vyote viwili na mripoti vyote viwili.

Kuepuka upendeleo maana yake ni kuwapa wote sawasawa?

Hapana, na kosa hili linakua. Ikiwa nyaraka, mashahidi na picha vinaonyesha jambo lilitokea, usiandike "wengine wanasema lilitokea, wengine wanakana" ili uonekane mtu wa katikati. Usawa unaotakiwa ni wa kipimo. Pima wote kwa jiwe moja, kisha andika uzito uliousoma, hata kama upande mmoja umezama.

Mfadhili ana msimamo. Je, nikatae fedha?

Soma mkataba. Uwe na kifungu kwamba utachapisha matokeo yoyote yatakayopatikana, na kwamba mfadhili atasoma rasimu kwa ajili ya makosa ya ukweli tu. Mtaje mfadhili ukurasa wa kwanza. Akikataa kifungu hicho, kataa.

Na majina ya wahojiwa?

Usiyaandike kwenye dodoso. Tumia namba, na ufunguo wa namba ukae mahali pengine, chini ya kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata ukiwa mwanafunzi. Mtu akiona jina lake linaandikwa, dodoso lililobaki anamjibia aliyekutuma.

Nimeshakusanya data zote na sikufanya lolote kati ya haya. Nimeharibikiwa?

Bado. Fanya haya kwa mpangilio huu. Usifungue tena matokeo. Andika leo, kwa tarehe ya leo, ulichokuwa unatarajia, na useme wazi kwamba umeandika baada ya kukusanya. Pitia kila swali kwa jaribio la kugeuza vyama. Yale yanayofeli yaweke kwenye kiambatisho, yasibebe hitimisho. Mpe mwenzako wa msimamo tofauti mahojiano 20 yaliyofutwa majina ayasimbe upya. Endesha uchambuzi kwa njia tatu zinazokubalika na uripoti zote tatu. Kama wasaidizi wako wanakumbuka vijiji ambavyo mwenyekiti alikaa nao, chambua mara moja pamoja na vijiji hivyo na mara moja bila hivyo.

Kazi hiyo inachukua wiki mbili hadi tatu. Mwombe msimamizi muda huo sasa, kabla tarehe ya kuwasilisha haijakaribia.